Lori Juu ya Kichuguu

Mvua za Desemba ya mwaka hamsini na mbili zilikuwa zimekata reli, na stesheni ya Tura ikafurika watu waliotaka kufika Tabora kwa njia yoyote. Pelagia, ndani ya gauni lake la maua ya manjano, alipenya na kikapu chake hadi kwenye lori chakavu lililobeba nta na karanga, akapanda mbele, akafunga mlango. Hapo ndipo alipomtazama dereva. Alikuwa Bernardo!

Bernardo yule yule aliyemwacha barazani kwao Gongoni, Tabora, Jumapili ya Pasaka, nywele zimesukwa, kuku ameiva, baba amevaa koti la kanisani, wote wakimngoja mgeni aje kujitambulisha. Mgeni hakuja siku ile wala baadaye. Baba alikataza jina lake lisitajwe tena nyumbani.

"Habari za siku nyingi, Pela."

"Usiniite Pela. Endesha gari."

Lori liliondoka, abiria mwingine, Mama Josepha, akiwa juu ya magunia na rozari yake. Njia ilikuwa ile ya zamani ya misafara, na pori lake halikuwa la mchezo. Wiki iliyopita tu simba alikuwa amemchukua mkata kuni.

"Jua lote hili umejifunga kitambaa shingoni," Pelagia alichokoza. "Umekuwa bwana mkubwa siku hizi?"

Macho ya Bernardo yalikuwa kwenye mshale wa kipimo cha joto la injini, uliokuwa ukipanda. Mara mvuke mweupe ukafoka mbele ya kioo. Akakata usukani ghafla, akapandisha magurudumu ya mbele juu ya kichuguu kando ya njia, akazima injini.

"Umelewa?" Pelagia alipiga kelele.

"Gari limechemsha. Nilipokuona stesheni nilichanganyikiwa, nikajaza maji harakaharaka. Upepo umebaki ndani, maji hayapiti. Pua ya gari ikiwa juu, upepo utapanda na kutokea kwenye kifuniko cha rejeta."

"Basi fungua utoke!"

"Bado ni la moto. Tungoje lipoe."

Walingoja. Jua lilishuka nyuma ya miti ya miyombo na ndege wakanyamaza. Kisha simba akaguna, mbali kidogo. Juu ya magunia, Salamu Maria ya Mama Josepha ilikatika, ikaanza upya mbiombio.

"Bernardo, fungua hicho kifuniko twende!"

"Siwezi, Pela."

"Kazi yako ni kuacha watu wakikungoja tu! Mwoga mkubwa wewe!"

Bernardo alifungua kile kitambaa taratibu. Kuanzia sikioni hadi kifuani ngozi ilikuwa nyekundu, imekunjamana kama utando wa maziwa.

"Siku ile ya Pasaka nilikuwa njiani nikitoka Kaliua," alisema. "Gari likachemsha hivi hivi. Nilikuwa nimechelewa, nikaogopa baba yako atanidharau. Sikungoja. Nikafungua, maji yakanirukia."

Pelagia alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia. "Ulishindwaje hata kutuma salamu?"

"Niliogopa ungenikubali kwa huruma tu."

"Nimelia miezi yote hii, Bernardo! Nilidhani umenikataa!"

Simba akaguna tena, safari hii karibu. Bernardo akaruka chini, neno lile 'mwoga' bado likimchoma, akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Pelagia akamfuata mbio, akamdaka kifundo cha mkono.

"Usiguse!"

"Pela, simba yuko karibu."

"Namsikia. Tungoje."

Wakarudi ndani, wakafunga milango, wakashikana mikono. Simba alimtisha Pelagia sana, lakini kile kifuniko kilimtisha zaidi.

Hatimaye mguno wa simba ulisikika kwa mbali, wakashuka, na Bernardo akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha hapo. Ilikuwa imepoa. Alilegeza kifuniko kidogo kidogo, uso ameugeuza, jasho likimtiririka. Pelagia alifumba macho. Hakuna kilichoruka.

"Minya huu mpira wa maji," Bernardo alisema akimimina maji kutoka kwenye debe. "Minya, achia. Polepole, mpenzi."

Aliminya. Mapovu yakapanda, maji yakashuka, Bernardo akaongeza. Akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akarudi mbio. "Uso, Pela! Kaa kando!" Mapovu makubwa yalitoka, yakafuata madogo, mwisho maji yakatulia. Akafunga.

Ndani ya lori Bernardo alitafuta kitambaa chake. Pelagia alikuwa amekikalia.

"Hiki hukipati tena. Jumapili uje nyumbani shingo wazi."

"Na baba yako?"

"Baba niachie mimi."

Mama Josepha akagonga bati la juu. "Nyie watoto! Ondoeni gari, mtaoana tukifika!"

Walicheka. Lori likashuka kwenye kichuguu.

"Bernardo," Pelagia alisema, mkono wake juu ya ile shingo iliyoungua, "Jumapili likichemsha njiani, usifungue. Ungoje lipoe. Mimi nitakuwa barazani, nitakungoja."