Picha Iliyoondolewa Mtandaoni

Fundi viatu alikuwa akibandika soli huku binti yake wa miaka sita akijikuna. Tangu mkewe afariki, kumwogesha mtoto ilikuwa kazi yake. Na kila akimwogesha kwa maji ya bomba la mtaa, vipele viliongezeka.

"Baba, mgongo unaniwasha!"

"Vumilia, mama. Wakubwa wenye visima vyao wanaoga mengine."

Jana alimpiga picha mtoto ndani ya beseni, bila nguo, vipele vionekane. Akaiweka mtandaoni: "Haya ndiyo maji yetu." Leo picha haipo. Kuna alama nyekundu na maneno ya lugha asiyoijua.

Watu wa serikali wamenijua, akawaza. Wakinichukua, huyu atabaki na nani? Akachomoa laini ya simu, akaifukia kwenye kopo la misumari.

Dada wa steshenari, jirani yake, akaingia na kandambili iliyokatika.

"Fundi, mbona unachungulia mlango kama umeona simba!"

Fundi akamnong'oneza yaliyompata. Dada akairudisha laini, akasoma yale maneno.

"Hii si serikali. Ni kampuni yenye mtandao. Inakataza picha za watoto wasio na nguo. Kuna watu wabaya wanazikusanya."

"Wananiziba mdomo tu!"

"Wamekataa picha, si neno lako. Sikufichi, wapo wakubwa wanaoomba mambo yafutwe. Ndiyo maana nasema soma sababu kwanza. Kama kampuni imekosea, unabonyeza hapa, unaomba waangalie tena. Leo haikukosea."

"Sasa nifanyeje?"

"Mtoto mpeleke zahanati. Maji yapige picha ndani ya glasi. Andika tarehe na bomba lipi. Usimtukane mtu. Kisha peleka barua ofisi ya maji, nakala yako waigonge muhuri."

Jumatatu fundi alipeleka barua, nakala ikagongwa muhuri, kisha akabonyeza kutuma picha ya glasi huku amefumba macho. Safari hii picha ilibaki. Majirani wakaweka za kwao.

Siku ya nne gari la ofisi ya maji likasimama mlangoni.

"Nani aliandika?" afisa akauliza.

Fundi akamsukuma binti nyuma yake. "Mimi."

"Twende kwenye tangi linaloleta maji kwenye bomba lenu."

Mfuniko ulipofunguliwa, wote walirudi nyuma. Panya walikuwa wameozea humo.

"Hatukuwa na taarifa," afisa akasema, pua kaiziba.

"Mnayo tangu Jumatatu," fundi akajibu, akamwonyesha muhuri.

Tangi likasafishwa, likatiwa dawa na kufuli. Baada ya wiki mbili mgongo wa binti ulikuwa laini. Lakini hadi leo, gari likisimama nje, fundi husimamisha nyundo hewani, akasikiliza kwanza.