Barabara Iliyopishana na Vyura

—Futa huo ukurasa, mpenzi. Ukurasa mmoja tu!

Binti alikuwa kwenye kinamasi, matope yamemfika magotini, daftari kwapani, simu kaibana begani. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, anasomea ikolojia. Wenzake walimwita Mama Vyura. Aliyepiga ni mchumba wake, injinia kijana aliyekabidhiwa barabara yake ya kwanza. Barabara yenyewe ilipangwa kukatiza kinamasi kilekile anachokitafiti.

—Ukurasa huo ndio unaoonyesha vyura wanazaliana wapi. Nikiufuta nabaki na nini?

—Unabaki na mimi.

—Nakupenda, unajua. Ila kudanganya siwezi.

—Kwa hiyo vyura ni bora kuliko mimi?

—Vyura wanakula mbu, na kinamasi kinanyonya maji ya mvua. Ukikifukia, maji yatahamia sebuleni kwa mama yako. Yeye umemuuliza?

Simu ikakatwa.

Siku ya nne ukaingia ujumbe wa mama mkwe mtarajiwa: “Mwanangu hali wala halali. Kwani huko chuoni hakuna kozi nyingine?”

Binti akajibu: “Shikamoo mama. Zipo, ila yangu ni hii.”

Moyo ulimuuma, lakini siku ya kuwasilisha utafiti alipanda jukwaani kifua mbele. Akasoma kila kitu, bila kuruka hata mstari.

—Una uhakika? akauliza mkuu wa idara.

—Nimehesabu mwenyewe, profesa. Asubuhi sitini, mvua na jua.

Nyuma ya ukumbi mtu akasimama, ramani imekunjwa mkononi. Injinia! Binti akamkazia macho, sura hakuibadilisha.

—Nina swali. Barabara ikisogezwa mita mia mbili, ipite juu kwenye mwinuko, vyura watapona?

—Watapona.

—Basi nimeshaisogeza. Bosi kafoka mpaka sauti ikamkauka, lakini nilipomwekea takwimu zako mezani, akatia sahihi ramani mpya.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nje, mlangoni, injinia akamshika mkono.

—Nisamehe. Niliogopa kupoteza kazi, nikasahau ninamwoa nani.

—Na sasa umekumbuka?

—Mpaka utosini.

Binti akacheka, machozi yakimlengalenga.

—Haya, nenda kamwambie mama ale. Nikihitimu tu, tunaoana.

Na wakaoana kweli. Aliyepiga vigelegele kuliko wote ni mama mkwe, akimtambulisha bibi harusi kwa kila mgeni:

—Mkwe wangu huyu, mtaalamu wa ikolojia!