Rufus Kanikatia Mara Mbili

Walikutana stesheni ya Liverpool, ile ya huku kusini mwa dunia, saa ya watu kutoka kazini. Mfuko ulimpasukia Mwiti, mipira kumi na miwili ikatawanyika katikati ya miguu ya abiria. Tumpe, ndani ya koti lake jekundu la mvua, aliudaka mmoja uliokuwa ukielekea relini.

"Wewe ni golikipa?" Mwiti aliuliza.

"Mimi ni Mnyakyusa."

Mwiti akacheka hadi treni ikamwacha. Tangu siku hiyo, miezi minne sasa, Tumpe hakukosa mechi hata moja ya Nyuki, timu ya Waafrika Mashariki ambayo Mwiti, nesi kutoka Meru, aliifundisha siku zake za mapumziko. Na Jumapili hii, uwanjani Doonside, alikuja na gauni la kitenge chini ya sweta, kwa kuwa Mwiti alimwahidi: mechi ikiisha tunampigia mama yangu kwa video, nimwambie huyu ndiye mke wangu.

Mechi iliisha bao moja kwa bila, lakini hakuna aliyeimba. Upepo wa Julai, mwezi wa baridi kali huku, ulipenya hadi mifupani. Wingu jeusi lilikuwa limeuinamia uwanja, na winga wa kushoto, Rufus, alikuwa amelazwa nyasini, goti limevimba kama papai, akiisubiri ambulensi.

"Kushinda tumeshinda, lakini mpira gani ule?" alifoka Zakayo, shabiki mkongwe, akimimina chai ya chupa. "Dakika tisini, kila shambulizi kushoto!"

"Na kule kulia Kipchumba kakaa bure kama mlinzi wa geti," alidakia Cherotich, aliyekuwa akiishi nyumba moja na Tumpe.

"Na bao lenyewe limetoka kulia!"

"Kwa sababu Kipchumba alijifanya kiziwi. Kocha alimwambia apeleke kwa Rufus."

"Labda alitaka kuwavuta mabeki upande mmoja."

"Kuwavuta wapi, mzee? Rufus ameanza kuchechemea dakika ya ishirini. Ameomba kutoka mara mbili, nimemwona na macho yangu haya. Kocha kamrudisha! Lile beki lao, kubwa kama friji, linambwaga chini, naye kocha anapaza sauti: 'Rufus! Tena Rufus!'"

Chai ilipoa mkononi mwa Tumpe. Sauti ile aliisikia kipindi chote cha pili, na aliionea fahari. Sasa ilimtambaa mgongoni kama maji baridi.

Mwiti alikuwa ng'ambo ya uwanja, peke yake, akikunja nyavu. Hakuwa amemsogelea majeruhi hata mara moja. Tumpe alimpigia simu, akamwona akiitoa mfukoni bila kugeuka.

"Mrembo wangu. Uko tayari? Mum amekosa kanisa leo kwa ajili yako."

"Mwiti, kwa nini Rufus?"

"Si ndiye winga?"

"Wewe ni nesi. Goti lile uliliona."

Mwiti akaendelea kukunja nyavu kwa mkono mmoja.

"Ulitaka nimlinde? Ulisema mwenyewe Alhamisi, na ukacheka: Rufus kanikatia mara mbili, nami sikomi, nampigia tu."

 Ndiyo, Tumpe alisema hivyo. Alikuwa akimtafuta Rufus amuulize saizi ya jezi, na Rufus, akiwa kazini, alikata simu mara mbili. Kwao Mbeya, mtu akikukatia, amekata simu maneno yangali mdomoni mwako. Ndipo alipokumbuka Cherotich na wenzake wa Nairobi wanavyolisema neno hilo: kumkatia msichana ni kumtongoza.

"Simu, Mwiti," alinong'ona. "Alinikatia simu."

Mabega ya Mwiti yakalegea kule mbali. Akazitupa nyavu, akaja mbio, mikono wazi.

"Woi, simu! Manze, siku tatu sijalala! Si ungesema simu?" Alimkumbatia, akinuka jasho na dawa ya kuchua. "Haya, yameisha, mpenzi. Ni neno tu."

Tumpe hakuinua mikono.

"Na kama ningemaanisha ulichosikia?"

"Lakini hukumaanisha."

"Na kama ningemaanisha?"

Mwiti alimtazama Rufus kule nyasini, kisha akamtazama yeye. Mkono wake ulibana bega la Tumpe kidogo. Alipojibu, alitumia sauti ileile ya upole anayowatulizia wagonjwa.

"Usinifikishe huko, mrembo."

Ambulensi iliingia getini, taa zake zikizunguka bila king'ora. Cherotich alimpungia Tumpe mkono, aje. Tumpe aliviondoa vile vidole begani, kimoja kimoja, akatabasamu kama mtu anayerudi sasa hivi, akatembea kuelekea kwenye taa. Hakukimbia. Kitu fulani kilimwambia asikimbie.