Dume Tayari, Amebaki Jike

"Hebu rudia," alisema mama mtu.

Shangazi akabonyeza tena. Masikio yake siku hizi hayamsaidii sana, kwa hiyo simu yake hukaa kwenye sauti ya mwisho, na chumba kizima cha kusubiria pale hospitali kikasikia: huuu, hu-hu, huuuuu. Mgonjwa mmoja mwenye bandeji mguuni, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamika hawezi kutembea, alinyanyuka akahamia benchi la mbali.

Nyuma ya mlango wa kioo Mzee alikuwa akipasuliwa ngiri. Na huku nje, kwenye grupu la familia, sauti ya bundi.

"Nani ametuma?"

"Mkwe."

"Yule wa benki?"

"Huyo huyo. Na ameandika." Shangazi akaisogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti kama anamsomea kiziwi mwenzake: "Dume tayari. Amebaki jike. Tukimpata naye, kazi imekwisha."

Mama akautazama mlango wa kioo, mahali lilipokuwa dume. Kisha akajitazama mwenyewe, kuanzia viatu mpaka kifuani.

"Jike ni mimi," alisema.

Pembeni yao mtoto wao wa kiume alitamani benchi limmeze. Mtaani wanamwita Miwani, kwa sababu ndiyo kazi yake, kutengeneza miwani za watu, na pale ndani yeye peke yake ndiye aliyejua ukweli. Mchumba wake hakuwahi kufanya kazi benki hata siku moja. Alikuwa mfanyakazi wa msimu kwenye mradi wa utafiti wa bundi wa msituni. Kila mwaka wakati wa kuzaliana kwa ndege hao hupewa mkataba, naye hubeba hema, huingia porini, husikiliza bundi wakilia magharibi na alfajiri, hutafuta mashimo ya miti walimotaga. Msimu ukiisha, na mkataba umekwisha. Wenzake kambini humwita Sikio. Anaweza kumsikia bundi wa ng'ambo ya kilima, ingawa ukimwita aoshe vyombo hakusikii.

Walikutana dukani kwa Miwani. Alileta miwani yenye kioo kilichokwaruzwa vibaya, na alipoulizwa imekwaruzwa na nini, akajibu bila kupepesa, "Bundi." Miwani alimpenda hapo hapo. Tatizo lilikuwa mama. Mama huyu aliwahi kuhama chumba wiki nzima kwa sababu bundi alitua juu ya bati. Kwa hiyo siku alipoulizwa binti anafanya kazi wapi, ulimi wa Miwani ulitafuta pa kujificha, ukaona benki.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Miwani ilikuwa imekwenda miaka miwili, na ilikuwa na vituo.

Pale hospitali alijaribu kuongeza kimoja. Alisema huenda ile ni kengele ya benki, ya kuwatisha wezi. Mama akamuuliza dume ni nani basi, na jike ni nani. Miwani akasema anakwenda msalani, akakaa huko mpaka miguu ikafa ganzi.

Mzee alitoka salama, akaomba chai, akauliza kwa nini kila mtu anamwangalia hivyo. Ungedhani hilo lingemtuliza mkewe. Yeye alisema kifo kimempita Mzee kwa sababu sasa kinamtafuta yeye, na siku hiyo akakataa kurudi nyumbani. Akalala kwenye kiti kando ya kitanda cha mumewe.

Sikio hakujua lolote. Kambini hakuna mtandao; ili upate lazima upande kilima. Asubuhi ile alikuwa amepanda akatuma salamu za kumtakia Mzee upasuaji mwema, kisha akamtumia bosi wake sauti ya bundi dume waliyemrekodi alfajiri. Alidhani amemtumia bosi. Salamu hazikwenda kabisa, bundi ndiye aliyefika kwa wakwe. Alipopanda tena kesho yake, simu ilianza kutetemeka mfululizo mkononi kama imeshikwa na homa. Aliruka jumbe za Shangazi, zilikuwa za maombi. Akafungua ya mama mkwe:

*"Mwanangu, kama kuna jambo tulikukosea ungesema. Mume wangu amepona. Naomba uniache kwanza nimsaidie kutembea."*

Sikio alikaa chini kwenye jiwe. Akampigia Miwani.

"Umewaambia nyumbani nafanya kazi wapi?"

Miwani akakohoa. "Benki."

"Benki gani?"

"Sikuitaja jina. Nilisema kubwa."

"Miaka miwili mimi ni mtu wa benki?"

"Mwaka jana ulipandishwa cheo," Miwani alisema taratibu, akiona ni heri yote yatoke pamoja.

Sikio aliitazama suruali yake iliyojaa matope mpaka magotini. Akauliza, "Unanionea aibu?"

"Hapana. Niliogopa."

"Uliogopa nini, bundi au mama yako?"

"Bundi simjui."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliinuka kwenye jiwe. Alimkumbusha jioni zote alizokaa pale dukani akimweleza habari za msituni, naye ameegemea kaunta, anatikisa kichwa, anauliza maswali mazuri. Kumbe akitoka hapo anakwenda kumvalisha mtu mwingine jina lake.

"Basi muoe huyo wa benki," alisema. "Ana cheo. Na mama yako sitampigia kujitetea, maana sikumdanganya. Nenda wewe, kwa mdomo wako."

Akakata simu. Akalia kidogo, akapangusa uso, akashuka kazini.

Jioni hiyo Miwani alipiga magoti mbele ya mama yake akasema yote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akaanza kupanga nguo kwenye begi. Miwani alidhani anafukuzwa, mpaka alipoona ni nguo za mama. Mama alimwambia afunge duka na atafute gari. Kama kuna jike linatafutwa huko, afadhali lijipeleke lenyewe.

Walifika kambini kesho yake mchana. Shangazi, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alikataa kushuka, akapandisha vioo vyote juu. Sikio alitoka hemani nywele zimejaa majani makavu. Alipomwona nani amesimama pale, akaanza kuyapangusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jike mmelipata?"

"Jana jioni. Yuko kwenye shimo la mti ule. Ana watoto wawili."

Mama akasema anataka kuwaona. Sikio alichukua kamera ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu, akaiinua mpaka mdomoni mwa shimo, akampa mama kioo cha kutazamia. Makinda mawili yalikuwa yamekumbatiana, manyoya yamesimama, macho kama vifungo vya koti. Mama alitazama kwa muda.

"Wabaya," alisema.

"Ndiyo, mama. Wakiwa wadogo ni wabaya."

Sikio akaanza kuomba radhi kwa ule ujumbe, akaeleza kuhusu kilima, bosi na kidole kilichoteleza. Mama alimzuia kwa mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Bundi namwogopa na nitaendelea kumwogopa, usinifundishe. Lakini bundi kanitisha mara moja tu, tena hakujua. Huyu hapa kanidanganya miaka miwili, anakula chakula changu. Ulipopandishwa cheo nilialika watu. Nilinunua nguo mpya."

Miwani alitazama viatu vyake.

"Kazi ipo hapa?" mama aliuliza.

"Ipo nyingi."

"Nakuachia huyu. Ukiona hakufai mrudishe. Ukiona anafaa nipigie." Akapanda gari, na Shangazi hakushusha kioo hata kuaga.

Sikio hakumfukuza, ila hakumsemesha. Alimwekea mbele sinia la vidonge vikavu vya kijivu. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa kwenye donge moja; ukilichambua unajua alikula nini. Miwani alichomoa kibano chake cha kushikia skrubu za miwani, akainama. Kutwa nzima alitenganisha taya za panya na mbavu zake, akizipanga kwa ukubwa, na mara mbili tu alikwenda kutapika nyuma ya hema.

Siku ya tatu Sikio alikuja akakaa karibu.

"Kwa nini hukusema tu?"

Miwani hakuinua kichwa. "Kila mara nilitoka kwako nimejiandaa. Nasema leo namwambia kama wewe unavyoniambia, mpaka apende. Nikifika mlangoni anauliza, mkwe hajambo huko benki? Anafurahi kweli anapouliza. Nasema hajambo."

"Kwa hiyo ulimpa mama yako furaha yangu nisiyokuwa nayo."

"Ndiyo. Ile uliyo nayo nilibaki nayo mwenyewe." Akasimamisha kazi. "Nilikosea. Ukiniacha utakuwa na haki, lakini mifupa hii nitaimaliza."

Sikio aliangalia sinia. Akachukua taya moja, akaihamisha.

"Hii si ya panya. Ni ya popo."

"Nifundishe."

Sikio akavuta kiti karibu zaidi.

Asubuhi iliyofuata walipanda kilima pamoja, Miwani akaandika kwenye grupu la familia, mwenyewe, bila kuambiwa: *"Mchumba wangu anafanya kazi ya bundi. Benki niliitunga mimi. Nisameheni."* Mzee akajibu kwanza, akiwa bado kitandani: *"Sasa mkopo nitaomba kwa nani?"*

Harusi ikawa na shida moja tu. Mkataba wa Sikio ulimtaka abaki mpaka makinda yaruke, na makinda hayakuwa na haraka. Siku ya ahadi ilisogezwa, ikasogezwa tena. Mama mkwe akawa anapiga simu kila asubuhi saa ambazo Sikio huwa kilimani, na hata salamu aliacha.

"Wameruka?"

"Bado, mama."

"Hawana mama hao?"

"Wanaye. Anawaita kutoka tawi la pili, hawatoki."

"Awanyime chakula. Watatoka."

Sikio alicheka, ila bundi jike akafanya hivyo hivyo. Siku moja mkubwa akaruka, mdogo akabaki shimoni amekunja uso. Mama alipiga mara mbili siku hiyo, na siku iliyofuata alfajiri kabla hata simu haijapata mtandao vizuri.

"Na yule mdogo?"

"Amejaribu kabla sijapanda huku, mama."



"Kaanguka?"

"Kapepesuka. Kashika mti wa pili."

Sikio alisikia pumzi ndefu ikishushwa, na sauti ya mtu akiita ndani ya nyumba, "Mzee, mdogo kafika." Kisha mama akarudi kwenye simu, akasafisha koo, akaiweka sauti yake sawa.

"Haya. Oga, uje uolewe."