Nabwire na Mgono wa Babu

Tegeni masikio, fungeni midomo. Na wewe unayejikuna, ngoja kwanza.

Kando ya Mto Sio aliishi Nabwire. Umri wake miaka sita. Maneno yake, ya watu sitini.

"Mimi na Babu ndio wavuvi," alijigamba. "Nyinyi wengine ni walaji tu."

Babu alikuwa na mgono, kapu refu la fito la kutegea samaki. Mvua kubwa ikinyesha, samaki waitwao ningu hutoka ziwani. Hupanda mto, wakatage mayai kule walikozaliwa.

Nabwire na Babu walizoea kuwaimbia:

Pwata, pwata, ningu panda,
maji mapya, njoo nyumbani.

Lakini kiangazi kile Babu aliugua. Alikohoa, kho, kho. Kisha akafa. Wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Nabwire hakulia. "Ningu huenda na hurudi," alisema. "Mvua ikija, Babu naye atarudi."

Wakubwa walitazama chini. Wakubwa nao, kuna siku ni waoga.

Mvua ikaja. Cho, cho, cho, juu ya bati.

Wandera, kaka yake, akaja kuchukua mgono. Nabwire akaukalia.

"Toka hapo, bata wewe. Ningu wanapita."

"Namngoja mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Babu."

Wandera, mdomo wote ule, akauacha mgono. Akaenda kumwita Bibi.

Nabwire akauburuta mgono hadi mtoni. Akaketi. Akaimba peke yake.

Pwata, pwata, ningu panda,
maji mapya, njoo nyumbani.

Ningu wakaja. Mkia huu, pwata. Mkia ule, pwata.

Babu hakuja.

Bibi akafika, amelowa chapachapa, Wandera nyuma yake. Bibi akaketi kwenye tope na leso yake nzuri aliyojifunga.

"Bibi, Babu amechelewa."

"Hajachelewa, mama. Amekufa. Hatarudi."

"Hata mvua ile nyingine?"

"Hata ile nyingine."

Hapo Nabwire akalia. Bibi naye akalia. Wandera alisema usoni mwake ni mvua tu, lakini nani alimwamini?

Ningu waliendelea kupita. Nabwire akapangusa kamasi.

"Wandera, shika huku. Siyo hivyo. Mdomo wa mgono uangalie ziwani, wanatokea huko. Babu hakukufundisha?"

"Alikufundisha wewe," Wandera akasema polepole.

Wakauzamisha mgono. Nabwire akashika kamba yake ya kuvutia.

Kamba ikacheza. Tiki. Tiki-tiki. Moyo wake nao, tiki-tiki-tiki.

Wakavuta. Ndani, ningu wawili. Mmoja tumbo limejaa mayai.

Nabwire alimbeba huyo kwa mikono miwili. "Wa mayai ni wa mto," alisema, kama Babu alivyosema kila mwaka. Akamwachia.

Pwata. Akapanda zake.

Yule mwingine alipikwa. Kigoda cha Babu kilikaa kitupu. Nabwire alikitazama sana. Kisha akala.

Kitandani, viganja vyake vilinuka ningu. Vilinuka kama vya Babu. Akavilalia kwa shavu.

Nje, cho, cho, cho. Bibi akaimba chinichini:

Pwata, pwata, ningu panda,
maji mapya...

Nabwire hakusikia mwisho wake. Alikuwa amelala.