Sekunde Kumi na Mbili za Mwanzo

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, Ninga alibonyeza wimbo wa kwanza na kompyuta ikamjibu kuwa faili halifunguki. Akabonyeza wa pili. Akazipitia zote thelathini na saba bila kuruka hata mmoja, kisha akagonga meza kwa kiganja mpaka mumewe akaja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi.

Kugonga meza ndiko kulikuwa kuita kwake. Miezi saba nyuma madaktari walimtoa koromeo pamoja na uvimbe uliokuwemo. Nyimbo zile alizirekodi chumbani kwake wiki mbili kabla ya kisu, na zaidi ya hapo sauti yake haikuwa na makao mengine duniani.

Mumewe, dereva mstaafu, alimpigia simu Fundi, mwanamke mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta kando ya posta.

"Hivyo ni virusi," Fundi alisema. "Leo nimebanwa, nitakuja kesho. Zima mashine, Mzee, na usichomeke kitu chochote mpaka nifike. Chochote."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Jumatano saa tatu asubuhi Fundi aliketi mbele ya mashine ile. Ninga alikaa ubavuni mwake, kitambaa cheupe kimefunika tundu la shingoni, kibao cheusi mapajani na chaki mkononi. Aliandika upesi kama watu wanavyosema: *Zitapona?*

"Nakala ya akiba ipo, Mama?"

Mumewe akaleta kopo la biskuti kutoka kabatini. Ndani mlikuwa na diski ndogo iliyoviringishwa kwa soksi ya sufu. "Hii haijatoka humu tangu mwezi uliopita," alisema.

Fundi aliichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyo salama. Nyimbo za kwenye diski nazo zilikuwa zimeharibika, zote. Diski iliyolala kwenye soksi haiambukizwi na hewa.

Akarudi kwenye mashine ya Ninga, akafungua kumbukumbu zake na kuandika daftarini: *Jumanne. 4:02, flashi. 4:15, imezimwa. 8:17 mchana, imewashwa. 8:20, diski ya akiba. 8:31, imezimwa.* Chini yake akaongeza jambo lililomshangaza: kicheza muziki kilikumbuka mahali kila wimbo ulipoachwa mara ya mwisho. Sekunde ya kumi. Ya tisa. Ya kumi na moja. Hakuna uliosikilizwa hadi mwisho. Akaweka alama ya kuuliza.

"Jana saa nane mchana mlikuwa wapi?"

*Kliniki,* Ninga aliandika. *Kuanzia saba na nusu mpaka kumi. Dakika kumi kwa miguu. Daktari kanichelewesha, nikamgombeza kwa kibao hiki hiki mpaka chaki ikakatika.*

"Na ufunguo?"

"Chini ya chungu cha maua," mumewe alisema. "Kila mtu anajua."

Mwenye flashi alikuwa mpwa wa Ninga, kinyozi. Fundi alimkuta dukani, wembe hewani, mteja ana povu hadi masikioni.

"Nilimpelekea Mamkubwa picha za harusi tu. Hivyo virusi sikuvialika."

"Saa nane na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Hapa, namnyoa huyu huyu. Nywele zake zinaota kwa hasira, leo karudi. Muulize."

"Ni kweli," povu likasema. "Na jana alinikata sikio."

Akabaki Kinanda, msichana aliyefundishwa kuimba na Ninga. Majirani walisema waliwahi kumsikia akilia mlangoni, amenyimwa nakala za nyimbo zile. Fundi alimkuta akifua.

"Ulizitaka ukanyimwa. Wengine wangezichoma kwa uchungu."

"Nizichome halafu nijifunzie wapi, dada?" Kinanda alikamua shuka kama anakamua shingo ya mtu. "Jana nilipita kwa Mama, nikatoka naye na Mzee saa saba na robo, nikaenda zangu mazoezini. Tuko kumi na wawili kule, waulize. Tena nilipofunga mlango niliona kibao cha Mama kimebaki mezani. Nikataka kurudi, Mzee akasema tunachelewa, ataandika kwenye karatasi."

Fundi alisimama pale, maji ya sabuni yakimpita miguuni.

Saa kumi jioni aliwaketisha mume na mke chumbani.

"Virusi hivi vinatafuna mwanzo wa faili tu," alisema. "Kwa rekodi zako, Mama, ni kama sekunde kumi na mbili. Mashine ikikosa mwanzo inalikataa faili zima. Zilizobaki nimezitoa. Nyimbo zako zipo."

Ninga alifumba macho. Mumewe akashusha pumzi, lakini si ya mtu aliyefurahi.

"Lakini jana kuna mtu aliirudia mashine iliyozimwa, akaichomeka diski ya akiba ili nayo iumie. Mama, kibao chako kilibaki nyumbani. Nani alikuletea kliniki?"

Chaki ilikaa hewani. Ninga alimgeukia mumewe polepole.

Mzee alitazama mikono yake. "Mwanangu, uliniambia nisichomeke kitu, nikajua cha kuchomeka. Miezi saba namsafisha tundu, nampondea chakula, nageuza mto wake. Yeye kutwa ana spika za masikioni. Nikimsemesha hanisikii. Anamsikiliza yule wa zamani, na mimi niko na huyu. Huyu ndiye ninayemtaka. Nikasema yule akiondoka, labda huyu atanitazama."

Nje mtu aliburuta ndoo.

Fundi aliwasha wimbo wa kwanza. Ulianzia katikati ya neno, sauti pana, ya moto. Ninga akasogeza kidole kurudisha nyuma. Hakukuwa na nyuma. Akajaribu wa pili, wa tatu. Kisha akaandika: *Mwanzo?*

"Mwanzo hauponi, Mama. Kwenye diski ya akiba ungekuwapo."

Fundi alikumbuka alama yake ya kuuliza. Sekunde ya kumi, ya tisa, ya kumi na moja. "Mzee, siku ya kurekodi nani alibonyeza kitufe?"

"Mimi. Niliketi hapo hapo ulipo."

"Kabla ya kuimba alikuwa akisema nini?"

Alifikiri, midomo ikicheza. "Maneno tu. Uko tayari, mwenzangu, umekula, kaa vizuri… maneno tu, kabla ya kila wimbo." Akakoma.

Ninga alifuta kibao kwa kiganja, akaandika taratibu safari hii, akamgeuzia.

*Nyimbo sikuzisikiliza. Nilikuwa nasikiliza ninavyokuita.*

Mzee alisoma, akasoma tena. Fundi alikunja nyaya zake na kutoka bila kuaga. Akiwa kwenye ngazi alisikia meza ikigongwa kwa kiganja, mara moja, na hakusikia nyayo za mtu kwenda kuitika; aliyeitwa alikuwa tayari ubavuni.