Niliubamiza, Sikuuharibu

Kila alfajiri nyumba ya akina Mbishi ilinukia mkate. Baba yake alikuwa mwokaji, na kabla jua halijachomoza trei zilikuwa zimekwisha toka tanurini. Mbishi, msichana wa miaka kumi na miwili, alizipanga kwenye kiti cha nyuma cha gari lao kuukuu, upande wa kulia mpaka juu, kisha akajibanza kushoto na mkoba wake wa shule. Mbele hapakuwa na kiti cha abiria. Baba alikwisha king'oa zamani ili kuweka magunia ya unga. Akiisha kuketi, alibonyeza swichi moja tu, na vitasa vya milango yote minne vikajifunga pamoja: tak. Gari lilimzidi Mbishi umri, lakini Baba alijivunia vitasa hivyo vya umeme kana kwamba amevibuni mwenyewe.

Jina la Mbishi alipachikwa na Bibi, mama yake Baba. Alisema mtoto huyu ukimwambia kumekucha, atatoka nje kwanza ahakikishe.

Mambo yaliharibika Jumanne moja. Bibi alikuwa na kidonda mguuni kilichosafishwa zahanati kila wiki, na siku hiyo yeye ndiye aliyekaa kushoto. Walipofika, Baba alibonyeza swichi ili kufungua. Vitasa vitatu viliitika, cha nyuma kushoto kikanyamaza. Kipini chake cha kufungulia kwa mkono kilivunjika miaka mingi iliyopita, na upande wa pili trei zilikuwa zimeziba njia. Ikabidi Baba azishushe zote kando ya barabara, moja moja, huku Bibi akitokwa jasho na watu wamekodoa macho. Mwishowe alivutwa kupitia mlango wa kulia kama gunia, na kidonda kikatoneka. Waliporudi nyumbani aliapa kwamba kaburini ataingia siku yake ikifika, lakini ndani ya gari lile haingii tena. Ubishi ulikuwa wa ukoo.

Jioni Baba alimwita Mbishi. Alimkumbusha kwamba jana yake alimkatalia kwenda kucheza, naye akatoka kwa hasira kwenda kuchukua mkoba wake garini, akaubamiza mlango ule ule.

"Sikuubamiza," Mbishi alisema.

Baba akasema kishindo alikisikia kwa masikio yake mwenyewe, akiwa mbele ya tanuri, na kwamba uongo umeongeza kosa juu ya kosa. Kuanzia siku ile Mbishi angekwenda shule kwa miguu, na gari asiliguse.

Gari lilipelekwa gereji. Fundi akafungua mlango, akabadilisha mota ya kitasa, akabonyeza swichi huku mlango ukiwa wazi, na kitasa kikaruka vizuri. Baba alirudi akitabasamu. Kesho yake kitasa kikagoma tena. Baba akamwambia Mbishi kwamba bila shaka ameuchezea tena mlango. Mbishi alijibu kwamba hajalisogelea gari tangu akatazwe. Hakuaminiwa. Jumanne iliyofuata Bibi hakwenda zahanati. Bandeji ikageuka rangi, kidonda kikaanza kutoa harufu, na Bibi alipopita karibu na Mbishi hakusema neno. Kimya hicho kilimuuma Mbishi kuliko adhabu ya Baba.

Jumamosi alikuja Shangazi, dada mdogo wa Baba, kumwona mama yake. Alikuwa fundi umeme wa magari katika mji mwingine. Hata kabla hajamaliza chai, Mbishi alikwisha mshika mkono na kumpeleka kwenye gari.

Shangazi hakuuliza nani ameharibu. Aliuliza kitasa kinagoma lini na kinakubali lini. Mbishi akamweleza alichokiona kupitia dirisha la chumba chake: Baba akibonyeza swichi wakati mlango uko wazi kabisa, kitasa kinaruka. Ukifungwa, kinakufa. Alijaribu kumwambia Baba, lakini nani angemsikiliza?

"Na ile siku kabla ya Bibi kukwama, mlango uliufungaje?" Shangazi aliuliza.

"Taratibu."

Shangazi akaurudisha mfuniko wa sanduku lake la vifaa. "Mwanangu, mimi hitilafu naitafuta kwa kufuata maneno ya watu wa gari. Neno moja likiwa bovu, nitafungua pasipo na kitu mpaka jua lizame. Nakuuliza tena."

Mbishi alitazama vidole vyake vya miguu. Alipoinua uso alimwona Baba amesimama mlangoni, mikono imejaa unga, anasikiliza.

"Niliubamiza," alisema kwa sauti iliyofika kwa Baba. "Kwa hasira na kwa nguvu zangu zote. Nikadanganya. Lakini sikuuharibu."

Baba akasema basi kesi imekwisha, mkosaji amekiri.

"Nimekiri kubamiza, sijakiri kuharibu. Pimeni, Baba. Mkiona ni mimi, nitatembea kwa miguu mpaka nimalize shule."

Baba alifungua kinywa, lakini Shangazi alimwahi. Alimwomba anawe mikono, aje akae kwenye usukani, maana swichi haiwezi kujibonyeza.

Shangazi alianza kwa kueleza kisicho na kosa. Milango mitatu inafanya kazi, na yote minne inatumia fyuzi moja na swichi moja, kwa hiyo hivyo havina lawama. Akachukua bisibisi, akafungua kava la mlango, akaichomoa mota na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Tak. Mota nzima. Kisha akampa Mbishi taa ndogo yenye nyaya mbili aishikilie pale umeme unapoingilia mota. Mlango ukiwa wazi, Baba alipobonyeza taa iliwaka. Shangazi akausogeza mlango hadi nusu. Baba akabonyeza mara tatu. Taa haikuwaka.

"Basi umeme unapotelea njiani," alisema Shangazi.

Alichomoa waya wa betri, akavuta mpira mweusi unaopitisha nyaya kati ya mlango na mwili wa gari, pale karibu na bawaba. Waya mmoja ulilegea vidoleni mwake kama uzi. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imepasuka, na shaba ndani imekatika. Mlango ukiwa wazi ncha mbili ziligusana, ukifungwa ziliachana. Mbishi alishusha pumzi, kisha akauliza swali aliloliogopa: je, kishindo kile ndicho kilichoukata?

Shangazi aliuinua waya machoni pa kaka yake. "Shaba iliyokatika juzi hung'aa. Tazama hii ilivyoota kutu ya kijani. Imekatwa na miaka ya kufungua na kufunga, uzi mmoja baada ya mwingine."

Alikata kipande kibovu, akaunga waya mpya laini, akaulehemu na kuufunga kwa utepe. Mota na waya wa betri viliporudishwa, Mbishi aliufunga mlango kwa mikono miwili. Baba akabonyeza. Vitasa vinne vikaitika.

Baba aliondoa mkono kwenye swichi, akamgeukia Mbishi. "Nilisikia kishindo, nikadhani nimeusikia na ukweli," alisema. "Nimekukosea, mwanangu."

"Mwambieni na Bibi," alisema Mbishi.

Baba akaingia ndani, akamweleza mama yake yote, hata mambo ya waya na kutu. Bibi alitoka na mkongojo wake, akaketi kiti cha nyuma kushoto, akataka afungiwe na kufunguliwa mara kumi. Mara ya kumi akanyoosha mguu, akauliza kama zahanati hufungua Jumamosi.

Njiani, Mbishi akiwa kiti cha nyuma kando ya Bibi, Baba aliongea akiwa ametazama barabara. "Ukionewa, bisha. Sitakukataza tena. Lakini ujue, uongo wako mmoja ndio ulioniziba masikio nisiusikie ukweli wako wote. Anayetaka haki yake aje nayo safi."

"Nimesikia, Baba," Mbishi alijibu. "Na nyinyi mkitaka kuhukumu, mpime kwanza."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu, na Baba hakumkanya mtoto wake.